Redio ya ridhaa na familia juu ya kilima cha Mbomole: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu familia yetu ianze kupanda kilima cha Mbomole, kwenye msitu wa hifadhi ya Amani wilayani Muheza, na redio mgongoni, maswali hayaishi. Majirani zetu wa Tanga mjini huuliza wakituona tunapakia nyaya alfajiri, waongoza wageni wa msituni huuliza, mashangazi huuliza kwenye simu. Nimeyakusanya hapa yale yanayorudi kila mara. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mambo mengi ndani yake, mengine hayahitaji maneno.

Hiyo redio ya ridhaa ni kitu gani hasa?

Ridhaa ni ileile ya ngumi za ridhaa. Mtu anafanya kwa mapenzi yake, halipwi. Serikali za nchi nyingi zimetenga vipande vya masafa kwa ajili ya watu wa aina hii, ambao wamesoma, wamepewa leseni, na kila mmoja ana alama yake ya mwito asiyoshirikiana na mwingine yeyote duniani. Ukiwa nayo unaruhusiwa kujenga mitambo yako mwenyewe, kuijaribu, na kuzungumza na wenzako wa nchi yoyote. Huruhusiwi kufanya biashara hewani, kupiga muziki, wala kuficha maneno yako kwa lugha ya siri. Kila neno linasikika na yeyote mwenye kipokeo.

Si sawa na redio za upepo za walinzi na polisi, na si kituo cha FM. Kituo cha FM kinasema, wewe unasikiliza. Hapa kila mmoja anasema na kila mmoja anasikiliza, na ukweli ni kwamba kusikiliza ndiyo kazi kubwa.

Kwa nini mpande kilima? Si mngekaa sebuleni?

Tulikaa sebuleni miaka. Shida ya mjini ni kelele, na sisemi kelele za masikio. Chaja za simu, taa za LED, inveta, televisheni ya jirani, mita ya umeme ukutani, vyote vinatoa uchafu wa mawimbi unaojaa kwenye redio kama mchanga ndani ya mchele. Nyumbani kwetu mshale wa kipimo cha mawimbi unakaa kwenye S7 kabla hata mtu hajasema neno. Yaani mtu wa mbali lazima aipite S7 ndipo nimsikie. Juu ya Mbomole mshale unalala kwenye S1.

Kila hatua moja ya kipimo hicho ni desibeli 6. Kutoka S7 kushuka mpaka S1 ni desibeli 36, na ukizigeuza kuwa nguvu unapata karibu mara 4,000. Mtu ambaye mjini angehitaji kutuma wati 4,000 ili nimsikie, kilimani namsikia akituma wati 1. Hakuna duka linalouza kifaa cha kukupa faida hiyo. Unaipata kwa miguu.

Faida ya pili ni urefu wenyewe. Kwa masafa ya juu, yale ya bendi ya mita 2 kati ya 144 na 146 MHz, wimbi linakwenda karibu moja kwa moja mpaka upeo wa macho na kupita kidogo. Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mtoto wetu wa darasa la sita anaifanya: chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita. Juu ya paa la nyumba, mita 9, unapata kilomita 12. Juu ya kilima cha karibu mita 1,000 unapata 130. Ukitazama ramani, duara la kilomita 130 kutoka Amani linameza mji wote wa Tanga na kugusa Pemba. Unguja mjini iko ukingoni kabisa, na mwenzako wa kule akiwa na antena juu ya ghorofa, mnapatana.

Kwa nini Amani, na si kilima kingine?

Kwanza ni karibu. Tanga mpaka Muheza ni lami, na kutoka Muheza unapanda zaidi ya kilomita 30 za barabara ya udongo mpaka unafika kwenye ubaridi wa mashamba ya chai. Pili, unatembea kwa miguu na watoto bila hofu ya nyati wala tembo. Tatu, ni pahala penye historia. Wajerumani walijenga taasisi yao ya utafiti wa kilimo na mimea hapo mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe nyingi za dunia, na bustani yao ingalipo. Mwaka 1997 Amani ikawa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini Tanzania. Kwenye miamba yenye unyevu unaona yale maua madogo ya zambarau ya Saintpaulia ambayo leo yako kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Asili yake ni milima hii hii.

Na jambo la nne nalisema kwa uzito: Mbomole haina minara ya simu kichwani. Vilima vingi vizuri vimeshachukuliwa na minara, na ukikaa chini ya mnara redio yako inazibwa kama mtu anayepuliziwa filimbi sikioni.

Mnahitaji ruhusa ya nani?

Za aina mbili, usichanganye. Ruhusa ya kutuma mawimbi inatoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Bila leseni yao usibonyeze kitufe cha kutuma hata kwa kujaribu. Alama za mwito za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z, za Uganda 5X, za Rwanda 9X, za Burundi 9U, na za Kongo ya Kinshasa 9Q. Mgeni mwenye leseni ya kwao naye hupitia TCRA kwanza.

Ruhusa ya kuingia msituni ni ya hifadhi. Tunalipa kiingilio, tunachukua mwongozaji, na kabla ya yote tunaeleza tunachokuja kufanya: tuna waya mmoja mwembamba, utakaa juu ya mti kwa muda wa saa nne au tano, hatupigi msumari, hatukati tawi, na tukiondoka hakuna kitakachobaki. Mara ya kwanza tulifungua begi na kuonyesha kila kitu. Siku hizi mwongozaji wetu anatuuliza yeye kama tumekumbuka kamba.

Watoto wasio na leseni wanafanya nini? Hawachoki?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwanzoni walichoka kweli. Safari mbili za awali mimi na mke wangu, ambao wote tuna leseni, tulikaa na redio, watoto wakakaa na boksi la chakula. Kufika saa sita walikuwa wanauliza tunarudi lini. Kosa lilikuwa letu. Tukabadilisha utaratibu: hakuna anayepanda kilima bila kazi yake.

Kitindamimba ni mtu wa kamba. Yeye ndiye anayechagua tawi, na neno lake linaheshimiwa. Wa katikati anapima antena kwa kipimo cha SWR, kinachoonyesha kama antena inaipokea nguvu ya redio au inairudisha, na kututangazia namba; ikizidi 1.5 anaagiza ncha zirefushwe au zifupishwe, na sisi wakubwa tunatii. Binti yetu mkubwa anashika daftari la mawasiliano. Bibi yao, akija, anashika simu yenye ramani na kutuambia kila tuliyempata yuko umbali gani.

Daftari linahitaji maelezo, maana humo mna hesabu nzuri sana. Duniani kote watu wa redio wanaandika muda wa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, ili daftari la Tanga na la Tokyo yakubaliane. Kwetu hiyo inamaanisha saa za aina tatu. Saa ya Kiswahili inasema saa nne asubuhi, simu inasema 10:00, daftari linataka 07:00. Binti alichanganyikiwa wiki nzima. Kisha siku moja akiwa anaosha vyombo akaja mbio jikoni na kanuni yake mwenyewe: mchana, chukua saa ya Kiswahili ongeza tatu, usiku, ongeza kumi na tano, na ikifika 24 au kuzidi toa 24. Saa nne asubuhi, nne na tatu ni saba. Saa mbili usiku, mbili na kumi na tano ni 17:00. Saa kumi alfajiri, kumi na kumi na tano ni ishirini na tano, toa ishirini na nne, ni 01:00. Haikosei. Nimetumia redio muda mrefu na sikuwahi kuliona hilo, kwa sababu mimi nilikuwa napita kwenye saa ya simu kwanza. Yeye alitoka kwenye Kiswahili moja kwa moja.

Kuhusu kuzungumza hewani: masharti ya mtu asiye na leseni kushika kipaza sauti yanatofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo soma leseni yako mstari kwa mstari na uulize mamlaka yako. Kusikiliza hakuna shida. Na mtoto aliyesikiliza mwaka mzima akienda kufanya mtihani wa leseni anakuta nusu ya mambo anayajua.

Msitu wote ule, miti haizuii mawimbi?

Inategemea urefu wa wimbi. Bendi ya 14 MHz ina wimbi la mita 20, na kwa wimbi refu hivyo jani ni kama halipo. Hata shina la mti halilisumbui sana. Kwa hiyo kwa masafa hayo tunakaa katikati ya miti kabisa, kivulini, na tunawasiliana vizuri. Kwenye mita 2 mambo ni mengine, hasa mvua ikiwa imetoka kunyesha. Majani yaliyolowa yanakunywa wimbi. Tumejaribu: redio ya mkononi chini ya miti ilimsikia mwenzetu wa Pemba kwa kukwaruza, tukasogea hatua kama thelathini mpaka kwenye uwazi unaotazama bahari, akawa wazi kama yupo Muheza.

Kwa hiyo tunapiga kambi mbili ndogo. Ya kivulini ni ya masafa ya chini na ya chakula. Ya uwazini ni ya mita 2, na anayetaka kwenda huko anavaa kofia.

Na msitu unatoa kitu ambacho kilima kipara hakitoi: nguzo. Wenzetu wanaopanda vilima vya nyasi hubeba mlingoti wa mita sita. Sisi tuna miti ya mita thelathini, ya bure, tunachotakiwa ni kuiomba kwa adabu.

Waya unafikaje juu ya mti?

Kwa mshipi wa kuvulia na chubwi. Sisi ni watu wa Tanga, vitu hivyo vipo nyumbani. Chubwi ya gramu mia hivi inatosha. Nyepesi zaidi inakwama kwenye majani, nzito zaidi ni hatari ikirudi. Unaumwaga mshipi chini kwenye turubai kwa mizunguko mipana ili usijifunge, unahakikisha hakuna mtu upande wa mbele wala nyuma, unabembeza chubwi mara tatu na kuiachia. Ikivuka tawi inashuka yenyewe kwa uzito wake. Hapo unafunga kamba laini kwenye mshipi, unavuta, kamba inapanda. Kisha unafunga antena kwenye kamba, inapanda antena.

Watu wengi kwenye nchi nyingine hutumia manati. Msituni Amani usiende na manati. Ni hifadhi, na mtu mwenye manati anaonekana mwinda ndege, hata akiwa na maelezo mazuri kiasi gani.

Kabla ya kurusha, tazama tawi kwa darubini au kwa macho ya mtoto, ambayo ni mazuri kuliko darubini. Tunatafuta nyuki, tawi kavu, na kiota. Tukiona kimojawapo tunahama mti.

Antena yenyewe ni waya wa kawaida. Urefu wake kwa mita ni 142.5 gawanya kwa MHz. Kwa 14.2 MHz unapata mita 10.03, yaani mikono miwili ya mita tano na kitu kidogo. Waya wenye ganda la plastiki hutaka ufupi zaidi kidogo, basi kata mrefu, pima, punguza. Katikati tunaivuta juu mita saba au nane, ncha mbili zinashuka kama paa la nyumba na kufungwa kwa kamba mahali pasipofikika na mkono wa mtoto.

Mnabeba mzigo gani?

Mdogo kuliko watu wanavyodhani. Redio yenye nguvu ya wati 5, ambayo ni pungufu ya taa ya LED ya chumbani. Betri ya litiamu ya volti 12 yenye uwezo wa Ah 6, yaani ya kutoa ampea 6 kwa saa moja, karibu kilo moja. Waya, mita kumi na mbili za kebo ya antena, kamba, chubwi, daftari, kalamu mbili za risasi kwa sababu kalamu ya wino inagoma kwenye ukungu. Redio mbili za mkononi. Turubai. Maji. Chapati, mayai ya kuchemsha, chupa ya chai yenye iliki iliyonunuliwa njiani.

Kuhusu betri naomba unisikilize vizuri. Redio yetu inakula ampea 0.4 ikisikiliza na 1.2 ikituma. Tukituma sehemu moja ya tano ya muda wote, wastani ni ampea 0.56, na Ah 6 zinatosha siku nzima na zaidi. Hiyo ni kama betri ni ya kweli. Mwaka mmoja nilinunua dukani betri iliyoandikwa Ah 12 kwa herufi kubwa. Tukapanda nayo, mama yao akiwa katikati ya mazungumzo redio ikazima. Haikuwa imefika hata mchana. Nyumbani nilipoipima ilikuwa mbali kabisa na Ah 12. Tulikuwa tumepanda kilima kizima na watoto kwa ajili ya muda mfupi kiasi hicho, na iliniuma.

Tangu hapo kila betri mpya inapimwa kwanza kwa taa ya breki ya gari, ya wati 21. Taa hiyo inakula ampea 1.75. Betri ya kweli ya Ah 6 iliyojaa itaiwasha kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Ikizima baada ya dakika arobaini, irudishe dukani.

Mnawapata watu wa wapi?

Masafa yanaamua. Kwenye mita 40, yaani karibu na 7.1 MHz, mchana tunawapata watu wa Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, kwa sababu wimbi linapanda karibu wima, linagonga ionosfia, tabaka la juu angani lenye chaji za umeme, na kushuka kama mvua juu ya eneo la kilomita mia chache. Ukipanda 14 na 21 MHz, dunia inafunguka: Afrika Kusini, India, Uturuki, Italia. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linachoma ionosfia vizuri, na masafa ya juu hutuendea kwa ukarimu ambao wenzetu wa kaskazini wanautamani. Miaka hii jua pia limekuwa na nguvu. Mzunguko wake wa 25 ulianza Desemba 2019, na Oktoba 2024 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuwa limefika kwenye kipindi cha kilele.

Lakini ukiniuliza ni yupi tunayemkumbuka, si wa mbali kuliko wote. Ilikuwa kwenye mita 15, yaani 21 MHz, asubuhi ya ukungu. Mke wangu aliita CQ, yaani mwito kwa yeyote anayesikia, mara tatu, akajibiwa na kituo chenye alama inayoanza na A4, yaani Oman. Wakabadilishana ripoti za usikivu kwa Kiingereza kama ilivyo desturi: tano tisa, tano saba. Akataja tupo Tanzania, juu ya kilima, Tanga. Kimya kidogo. Kisha ikaja sauti ya mtu mzima, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, ikiuliza kama Tanga bado kuna maembe kama ya zamani. Mke wangu akasema shikamoo. Ikaja marahaba, mwanangu, kutoka Muscat, kilomita kama 3,800, kwa wati 5. Watoto wote walikuwa wamesimama kuizunguka spika. Binti aliandika kwenye safu ya maelezo neno moja tu: maembe.

Mnazungumza lugha gani?

Na watu wa mbali, Kiingereza kidogo na tarakimu nyingi. Na majirani wa Afrika Mashariki, Kiswahili. Morse, ile alfabeti ya milio mifupi na mirefu, haina lugha, na inapenya pale sauti inaposhindwa. Watoto wameijua kwa mlio kabla ya maandishi: ta-ti-ta-ti, ta-ta-ti-ta, hiyo ndiyo CQ, naita yeyote anayenisikia. Kitindamimba huigonga mlangoni akitaka kufunguliwa.

Mnashindana na mtu?

Sisi hatushindani. Ipo michezo mizuri ya aina hii. Mpango wa SOTA, wa kutuma kutoka vileleni, ulianza Uingereza Machi 2, 2002, na kanuni zake ni za kiungwana: ufike juu bila gari kukusogeza mpaka kileleni, utumie betri au jua, usitumie jenereta. Marekani na Kanada wana siku yao ya kambi tangu 1933, wikiendi kamili ya nne ya Juni, ambapo vikundi na familia hutoka na mitambo porini. Tumeiga kutoka huko kanuni moja tu, ile ya jenereta. Sauti yake msituni ni dhambi.

Ni kweli mnaweza kusikia kituo cha anga?

Ndiyo, kwa redio ya mkononi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kila dakika 90 na kitu, kwenye urefu wa kama kilomita 400, na kina mtambo wa ridhaa ambao mara nyingi unarudisha mazungumzo kwenye 437.800 MHz. Kikipita juu una dakika kama kumi tu. Kikija mawimbi yanasikika juu kidogo ya masafa hayo, kikiondoka chini kidogo, kwa sababu ya mwendo wake, hivyo mtu mmoja anashika antena na mwingine anageuza kitufe. Kilimani ni rahisi kuliko mjini kwa sababu unakiona tangu upeoni.

Hatari je?

Radi ndiyo ya kwanza. Waya juu ya mti juu ya kilima ni mwaliko. Amani hunyeshewa karibu mwaka mzima, kwa hiyo hatungoji msimu wa ukavu peke yake. Tunakwepa masika ya Machi mpaka Mei, tunapendelea Juni mpaka Septemba na Januari na Februari, na ngurumo ya kwanza tukiisikia hata kwa mbali, waya unashuka. Hatujadiliani. Mara tatu tumeacha mtu katikati ya sentensi.

Ya pili ni siafu. Kagua ardhi kabla ya kutandika turubai, na mtoto akianza kuruka usimuulize kwanza, mvue viatu. Ya tatu ni upupu kwenye vichaka vya pembeni mwa njia; mikono mirefu ya shati inasaidia. Mawimbi yenyewe kwa wati 5 hayana neno, ila mtu asiguse waya wa antena wakati unatuma, kwa kuwa ncha zake zinaweza kuunguza ngozi.

Simu ipo, WhatsApp ipo. Hii ya nini?

Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Wiki moja kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani yetu. Ionosfia haikatiki kwa nanga wala kwa kimbunga. Kati ya waya wetu wa Mbomole na waya wa mwenzetu wa Nairobi hakuna kampuni, hakuna mnara, hakuna bando. Mtu anayejua kuning'iniza waya wa mita ishirini kwenye mti na kuita ni mtu wa manufaa siku mbaya, na ujuzi huo hauji siku hiyo mbaya. Unakuja siku za chapati na chai.

Ila nisidanganye: hata bila siku mbaya tungepanda.

Na mkiita, msijibiwe?

Hutokea. Kuna siku jua limechafuka, bendi zote zimekufa, unaita saa nzima unajibiwa na mvumo. Siku hizo tunazima spika, tunasikiliza hondohondo wakipita juu ya miti kwa mabawa yanayovuma kama mashine, tunatafuta kinyonga wa pembe. Baada ya nusu saa mtu mmoja anakwenda kujaribu tena, na karibu kila mara anayekwenda ni mtoto.

Mnashuka saa ngapi?

Saa nane mchana tunaanza kufungasha, kwa kuwa ukungu hupanda mchana na njia inateleza. Kila kitu kina nafasi yake kwenye orodha iliyobandikwa ndani ya begi, na wa katikati anasoma kwa sauti: redio, betri, kebo, kipimo, kalamu mbili. Kamba ni ya mwisho. Kitindamimba anafungua fundo upande mmoja na kuvuta taratibu upande wa pili, bila kukata, mpaka ncha ipite juu ya tawi na kuanguka miguuni pake pamoja na majani mawili matatu. Anayapukuta, anaviringisha kamba kwenye kigingi chake cha mti, anahesabu machubwi. Yakiwa matatu, tunashuka.